Pikipiki Iliyovishwa Rubugo

Kwingine kijijini Bugomora asubuhi ilianza kwa jogoo. Nyumbani kwa Mutalemwa ilianza kwa pikipiki. Kabla ya uji, kabla hata ya kusema na mkewe, Mutalemwa alitoka nje, akaipapasa mashine yake mgongoni kama ng'ombe, kisha akaipiga teke. Ikakohoa. Akaipiga tena. Ikanguruma, kuku wakakimbilia migombani, na Kemirembe, aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni pa jiko, akasema kama alivyosema kila siku, "Bwana mkubwa ameamka."

Hakuwa akimsema mumewe.

Pikipiki hiyo ilikuwa ya jeshi. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha ilivuka mto kutoka Uganda, na Mutalemwa alipoipata pale Murongo, mpakani, ilikuwa imekwisha zeeka. Aliitengeneza upya kwa akili yake mwenyewe. Alitaka kigari cha pembeni cha kumbebea mkewe. Basi akachukua mtumbwi wa kukamulia pombe ya ndizi, lile gogo zito lililochongwa, akaukata katikati, akaufunga gurudumu, akamkalisha Kemirembe ndani. Jumapili walipofika kanisani, Kemirembe alinukia rubisi kuliko walevi wote wa parokia, naye hakuwa ameonja hata tone.

Kisha Mutalemwa akaivisha injini nguo. Baba yake alizoea kufunika ngoma na vitu vya heshima kwa rubugo, ile nguo ya magome ya mti, ili macho ya wenye wivu yasivichezee. Naye akaizungushia injini rubugo, akaikaza vizuri.

"Matumbo yake hayafai kuonwa na kila mpita njia," alisema. "Tena tope halitaingia."

Majirani walikubali kwamba ni pikipiki yenye adabu. Shida ilikuwa moja tu. Kila ilipofika katikati ya mlima wa kwenda misheni, ilikufa.

Kemirembe alikuwa na sababu ya kuuogopa mlima huo. Mimba yake ya kwanza, uchungu ulipomshika, wanaume wa kijiji walimbeba kwa machela kwenda hospitali ya misheni. Walikwenda mbio, maskini, wakipokezana mabegani. Lakini mvua ilinyesha, njia ikateleza, nao walifika wamechelewa. Kemirembe alirudi nyumbani mikono mitupu. Sasa alikuwa na mimba tena, na mkunga wa misheni, Evangelina, alimwambia wazi: "Safari hii uchungu ukianza tu, uje. Usikawie njiani."

Ndiyo maana Mutalemwa alinunua pikipiki. Na ndiyo maana Kemirembe, kila ilipokufa, alishika tumbo.

Siku moja ilikufa tena palepale mlimani. Kemirembe alisikia harufu ya kitu kinachoungua karibu na goti lake. Mutalemwa akanyakua kibuyu cha maji, akaimwagia injini. Chwaaa! Mvuke ukawafunika wote wawili.

Wanawake waliokuwa wakishuka na mizigo ya ndizi kichwani walisimama kutazama.

"Kemirembe, shoga! Umeolewa na mwanamume au na huu mlima?"

"Piteni zenu," alisema Mutalemwa. "Mashine inapumzika. Hata nyinyi mnapumzika."

"Sisi tunapumzika tukifika!"

Walikaa kando ya njia mpaka injini ikapoa, ikawaka tena kana kwamba haijafanya kosa lolote.

Nyumbani walimkuta Adelgunda, mama yake Kemirembe, amekuja kumtunza binti yake hadi ajifungue. Sasa ikaanza kazi nyingine. Mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani ovyo. Basi Adelgunda alikaa ndani, Mutalemwa akakaa nje nyuma ya ukuta, na Kemirembe akasimama mlangoni.

"Mwambie mume wako," alisema Adelgunda kwa sauti iliyofika hadi kwa jirani, "mwanangu atakwenda kwa machela. Watu hawafi mlimani kama mashine."

"Anasema..."

"Nimesikia," alisema Mutalemwa. "Mwambie mama, kwa heshima zote, kwamba machela ndiyo iliyotuchelewesha."

"Mwambie machela haikukata pumzi!"

"Mwambie..."

"Niambieni mimi!" alisema Kemirembe. "Mtoto yumo tumboni mwangu. Machela sitaki. Na pikipiki hii sipandi tena mpaka nijue inakufa kwa nini."



Kesho yake lori la ushirika lilikuja kuchukua kahawa. Dereva wake, Rwegoshora, aliwahi kuwa fundi wa magari ya jeshi huko Burma, na hakumruhusu mtu yeyote kusahau. Kemirembe alimfuata.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja na uso wa mazishi?"

Akamweleza yote: mlima, harufu, kibuyu cha maji. Rwegoshora aliposikia habari ya maji alishika kichwa. Alifuatana naye hadi nyumbani, akaizunguka pikipiki polepole, mikono nyuma, kama daktari mbele ya ndugu wa mgonjwa.

"Mutalemwa," alisema, "huyu ana homa kali. Kwa nini umemvika blanketi?"

"Ni rubugo. Ni heshima yake."

Rwegoshora aliifungua ile nguo. Upande wa ndani ulikuwa mweusi, umeungua. Chini yake zikaonekana kingo nyingi nyembamba za chuma, zimepangana kama mapezi ya samaki, zimejaa tope kavu.

"Unaona mapezi haya? Upepo unapita katikati yake, unaondoa joto. Ukiyafunika, joto linabaki ndani."

Kemirembe alitazama mapezi, kisha akatazama jikoni kwake, chungu kilikokuwa motoni.

"Nikitaka ndizi ziive upesi nafunika chungu kwa majani ya mgomba, mvuke usitoke," alisema. "Kumbe tumeipika!"

Rwegoshora alicheka sana. "Jeshi zima halikunieleza vizuri hivyo. Kuanzia leo nitasema ni maneno yangu."

Kisha akaeleza taratibu. Ndani ya injini mna pistoni, kipande cha chuma kinachopanda na kushuka. Chuma kikipata joto kupita kiasi kinatanuka. Pistoni inabana, injini inasimama. Ikipoa, inaachia.

"Ndiyo maana inawaka tena, nanyi mnadhani imepona. Lakini kila inapobana inajikwaruza. Ipo siku itabana isiachie." Akafungua tangi la oili, akachovya kijiti. Kilitoka na uji mweusi, tena kidogo tu. "Oili ndiyo inayolainisha chuma kisisagane, nayo husaidia kupoza. Hii imekwisha. Itazame kila asubuhi kabla ya kuwasha, na uibadilishe ikichakaa. Na maji! Chungu chenye moto ukikimwagia maji baridi kinafanyaje?"

"Kinapasuka," alisema Kemirembe.

"Chuma nacho hivyo hivyo. Iache ipoe yenyewe kivulini. Na huu mtumbwi, jamani! Hata lori langu lingelia. Weka kiti chepesi."

Mutalemwa alikuwa ameinama, ameshika rubugo iliyoungua. "Mimi niliitunza," alisema kwa sauti ndogo. "Kila siku niliitunza."

Rwegoshora aliacha mzaha. Akamwekea mkono begani. "Najua. Uliitunza kama ngoma. Sasa itunze kama injini. Lete brashi, tuanze na mapezi."

Walisafisha, wakabadilisha oili, wakautoa mtumbwi, wakafunga kiti cha matete. Sauti ya Adelgunda ikatoka ndani.

"Mwambie mume wako mwanangu hapandi kabla sijapanda mimi."

Kemirembe alidhani amesikia vibaya. Mama mkwe kukaa ubavuni mwa mkwe wake, mchana kweupe! Lakini Adelgunda alikwisha toka, amejifunika shuka kichwani mpaka kiunoni, haoni wala haonekani. Alikaa kitini kama gunia la maharage. Mutalemwa aliendesha shingo ameigeuzia upande wa pili, akakosa kidogo tu kuingia shambani kwa watu. Walipanda mlima kwa gia ndogo, polepole. Juu walipumzika. Wakarudi.

"Mwambie mume wako," ilisema shuka, "imefika juu."

Uchungu ulimshika Kemirembe siku ya mvua, mchana. Mutalemwa alichovya kijiti katika oili, akawasha, wakaondoka. Tope liliwarukia. Mlimani injini ililia kwa nguvu, na Kemirembe, kila maumivu yalipompa nafasi, aliinama akanusa. Hakukuwa na harufu ya kuungua. Walipofika juu akasema, "Simama."

"Hapa? Sasa? Kemirembe, tunachelewa!"

"Imepanda na mzigo. Iache ipumue kidogo. Nami niache."

Alisimama. Alisimama kwenye mvua, akishika mkono wa mkewe, macho yake yakienda kwa mke na kwa injini, kwa injini na kwa mke. Maumivu yakaja, yakapita. Kemirembe akaguna, "Haya, twende," wakashuka upande wa pili.

Evangelina aliwapokea mlangoni. Jua lilikuwa bado halijazama mtoto alipolia.

Mutalemwa aliitwa ndani. Aliingia mbio, tope hadi kwenye nyusi, akanyoosha mikono.

"Kanawe," alisema Evangelina.

Akaenda, akarudi.

"Hiyo ni oili. Kanawe tena kwa sabuni."

Akaenda, akarudi, mikono bado ina weusi kwenye kucha. Evangelina alimtazama tu. Basi Mutalemwa akaificha mikono yake mgongoni, kama mwanafunzi aliyekamatwa na maembe ya padri, akainama juu ya kitanda kumtazama binti yake. Kemirembe alicheka mpaka akashika tumbo, lakini safari hii tumbo halikuwa na hofu ndani yake. Akamwinua mtoto, akamlaza kifuani pa baba yake, palipokuwa safi kidogo.

"Mshike kwa kidevu," alisema.

Naye akamshika kwa kidevu.