Kaka Aliyejifunzia Kuogelea Kwenye Ndiva

Ilianza Jumapili moja saa kumi jioni, tukipukuchua mahindi nyumbani, kijijini Mhezi. Nina miaka kumi na saba, nipo kidato cha tatu. Mimi ni mtu wa aibu, hata darasani sinyooshi mkono... lakini hili likibaki moyoni litaniua.

Siku hiyo alikuja mtu kutoka Same mjini, akamwambia mama kuna kazi kwenye meli ya mizigo, ng'ambo. Akamwuliza kaka yangu, Eliamani, kama anajua kuogelea. Kaka akajibu anajua sana. Jamani! Kaka aliogelea kwenye ndiva tu, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Rafiki zake wakamcheka: "Baharia wa ndiva!" Mama akachinja kuku wa kumuaga, kaka akaondoka.

Kumbe ilikuwa meli ya kivita, ya nchi ambayo wenyewe kwa wenyewe wanauana! Pasipoti wakaichukua, wakampa magwanda. Alinirekodia sauti kwa siri kwenye simu, akanitumia. Asubuhi anakwangua kutu, mchana anamenya viazi, zamu ikifika anakaa kwenye mzinga huku anatapika kwa mawimbi. Siku moja wakaamriwa kupiga mji wa pwani. Mwenzake wa mzingani, mzaliwa wa mji huo, akalia, maana nyumba ya mama yake ilikuwa ileee, inaonekana kabisa... Mwenzake akapiga hivyo hivyo. Angefanyaje?

"Mdogo wangu, haya maji hayana ukingo," kaka aliniambia. "Mama asijue."

Sikumsikia tena.

Ijumaa iliyopita, jioni, mwenzake huyo akapiga simu. Meli ililipuliwa. Kaka aliruka majini... hakuonekana.

Mama hakulia. Wazee wa ukoo wakaja usiku huo, wakasema matanga hayawekwi bila mwili. Basi kwetu hakuna msiba, na mtu hakuna. Nani atatupa pole?

Ndugu zangu mnaosoma, mkiitiwa kazi ya mbali ulizeni meli ni ya nani na inakwenda kumfanya nani nini. Sisi tulifurahi tu, hatukuuliza!

Jumamosi asubuhi kulikuwa na msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kuzoa tope la ndiva. Kila nyumba hutoa mtu. Nikabeba jembe la kaka. Mzee msimamizi akaita majina, akafika kwa Eliamani. Watu wakainama.

Nikanyoosha mkono, nikasema, "Yupo."

Nikashuka topeni.