Mzigo Uliofunikwa Kanga

Asubuhi kijijini Mnyambe huanza na cherehani mbili. Moja hulia kwa Somoe, nyingine ng'ambo ya barabara kwa Faidha. Cherehani ya Faidha ikitangulia, Somoe hukosa hamu ya chai.

"Ameanza yule," humwambia mumewe, Muharami. "Hata uso hajanawa."

"Kwani wewe umenawa, Mama Abuu?"

Kilichomchoma Somoe ni ovaloki, mashine ya kufunga kingo za nguo zisifumuke. Faidha alikuwa nayo, yeye hana. Na wari, wasichana waliokuwa wakifundwa, walikuwa karibu kutolewa unyagoni, mama zao wanataka sare. Kungwi wao, Bi Zabibu, alikwisha sema: "Somoe mwanangu, mwaka jana nyuzi zilitutoka uwanjani kama ndevu za mahindi. Safari hii nampa mwenye ovaloki."

Somoe akaagiza yake kwa simu, kutoka China, kwa fedha za korosho. Hakumwambia mtu ila mumewe.

"Faidha akijua, jicho lake litaipasua hukohuko baharini."

Mzigo ulipofika ofisi ya basi Newala, karani alimwambia, "Mama, kagua kwanza, ndipo utie saini."

"Nikague mbele za watu? Ili habari imfikie nani?"

Akatia saini, akafunika boksi kanga, akapanda bodaboda. Aliona boksi ni jepesi, akafurahi. Mashine za kisasa hizi!

Nyumbani alifunga mlango, akafungua boksi. Ndani mlikuwa na meza, nyaya na magazeti yaliyokunjwa. Kichwa cha mashine, chenye sindano, hakikuwemo.

Alivuka barabara bila viatu.

"Mama Stamili! Umemtuma nani aniibie? Au ni jicho lako tu?"

Faidha hakuacha kushona. "Jicho langu lingekuwa na nguvu hiyo, lingeanza na mkono wako wa kukata nguo. Miaka yote naukodolea, na bado unakata vizuri."

Kumbe wivu ule ulikuwa unavuka barabara kwenda na kurudi.

"Lilete hilo boksi," Faidha akasema.

Akaligeuza pande zote. "Utepe huku mweupe, huku wa kahawia. Limefunguliwa njiani, likafungwa tena. Hukuona?"

"Sikuangalia."

"Korosho zako huzikabidhi ghalani bila mizani?"

"Nina wazimu?"

"Na mashine umeipokea bila mizani."

Wakalipeleka kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima. Karatasi juu ya boksi iliandikwa kilo arobaini. Mizani ikasimama kwenye kumi na nane.

"Umeshabonyeza 'nimepokea' kwenye simu?" Faidha akauliza.

"Bado. Nilitaka nishone kwanza, nione kama inafanya kazi."

"Alhamdulillahi! Wenye soko la mtandaoni wanazishika fedha zako. Ukibonyeza, wanampa muuzaji. Lakini kulalamika kuna mwisho wake. Muda ukipita, imekula kwako."

"Sasa nifanye nini?"

"Piga picha boksi, utepe, karatasi, vilivyomo, na hii mizani. Lalamika humohumo ulimonunulia. Wasafirishaji nao waandikie. Polisi Newala wakupe RB, namba ya taarifa ya wizi. Na boksi usiliwashie jiko, ndilo shahidi wako."

"Umeyajulia wapi?"

Faidha akatazama pembeni. "Niliwahi kuagiza simu, ikaja sabuni. Niliona haya kusema. Usingenicheka?"

"Kicheko changu kingesikika hadi Chiwata."

"Basi."

"Na kwa nini unanisaidia?"

"Nani anakusaidia? Nataka nikushinde ukiwa na mashine. Nikikushinda hivihivi, utasema ulishindwa na wezi."

Somoe akafanya yote siku ileile. Muuzaji akajibu: funga lalamiko kwanza, ndipo nitume kichwa kingine.

Ilimuuma, lakini alivuka tena barabara kuuliza.

"Usifunge!" Faidha akafoka. "Ukifunga, umejifungia nje. Mwambie atume kwanza."

Somoe akakaza uzi. Wenye soko walipoziona picha, wakamwamuru muuzaji atume kichwa kwa ndege. Safari hii, pale ofisi ya basi, Somoe hakuficha kitu. Karani alipima, Muharami akarekodi kwa simu, na Somoe akakata utepe mbele ya abiria wote. Kichwa kiling'aa. Ndipo akatia saini.

Bi Zabibu akagawa kazi ya sare nusu kwa nusu, maana sasa ovaloki zilikuwa mbili. Siku ya wari kutoka, ngoma ikilia, Somoe alipita akikagua pindo alizoshona Faidha, akitafuta uzi mmoja tu uliochomoza. Hakuupata, moyo ukamuuma. Faidha naye alikuwa ameinama kwenye pindo za Somoe, uso umemshuka.

Mgeni mmoja kutoka Nanganga akasimama karibu yao. "Nami nimeagiza cherehani kutoka nje. Imefika, kesho naenda kutia saini."

"Usitie saini!" Somoe akaruka.

"Pima kwanza!" Faidha akadakia.

"Niache niseme mimi, Mama Stamili."

"Useme nini? Nani alikufundisha?"

"Mimi ndiye niliyeibiwa mashine, wewe uliibiwa simu tu!"

Mgeni akawashika mikono wote wawili. "Mama zangu, semeni kwa zamu. Nisije nikaibiwa kwa sababu ya kelele zenu."