Sampuli Iliyobaki Chanika

Jua lilikuwa linazama nilipofika Chanika kuangalia mashine ya kukunjia bamba la chuma. Ishu ya kawaida kabisa. Karakana yetu ya Chamazi ilikuwa imepata kazi ya breketi za kubebea matenki ya maji, bamba la milimita nane, na mashine yetu ya mabati ilijaribu mara moja tu, ikapasuka kama suruali ya bwana harusi aliyeshiba.

Mke wangu Eufrazia, ambaye ndiye bosi ingawa kwenye kibao kuna jina langu, alinipigia njiani.

"Audax, ijaribu kwa bamba letu. Usidanganywe na rangi mpya."

"Mama, mie nadanganywaga na wewe tu."

Akakata simu. Wala hakucheka.

Alikuwa sahihi. Bamba nene likikunjwa vibaya huwezi kulinyoosha. Ukilazimisha, linapasuka palepale kwenye mkunjo.

Muuzaji aliitwa Jabiri. Mzee mrefu, mkavu. Ua wake ulinuka grisi na karafuu maiti. Nikamwamkia shikamoo. Kimya. Nikarudia kwa sauti ile ya jukwaani, ninakochekesha watu wikendi, inayofika mpaka viti vya nyuma.

Hakuitikia.

"Mashine hizo," alinong'ona.

Zilikuwa mbili. Moja ya kusukumwa na jeki ya mafuta, inang'aa, lakini chini yake mafuta yalishavuja. Nyingine ya mkono, kuukuu, chuma kizito kimetulia ardhini kana kwamba kimeota pale. Nikaipenda hiyo ya pili. Kazi nene inataka taya isiyotetemeka.

"Hii inaiweza milimita nane, au itazimia kama yangu?"

"Inakunja chochote. Weka alama mwenyewe."

Nikatoa kipande chetu kwenye begi. Nikafanya kile ambacho kila fundi hufanya bila kufikiri: nikalamba kidole gumba, nikafuta vumbi kwa mate ili chaki ionekane. Nikachora mstari.

Jabiri akatabasamu. Meno yote yalikuwepo. Afadhali yasingekuwepo.

Akaliingiza bamba kwenye taya, akashika mpini kwa mkono mmoja. Mmoja!

"Mzee, umekula nini leo? Nitajie nikampikie shemeji yangu, mvivu yule."

Kriiii...

Goti langu la kulia likakunjika.

Nilianguka puu. Hakuna jeraha, hakuna damu. Nikacheka, maana mchekeshaji akianguka hucheka. Nikajaribu kuunyoosha mguu.

Ukakataa.

Ndipo nikatazama juu. Chini ya paa kulikuwa na waya, na kwenye waya vimetundikwa vipande vya chuma vilivyokunjwa. Upepo haukuwepo. Lakini vilikuwa vinagongana.

Ting... ting...

"Nipe bamba langu," nikanong'ona.

"Sampuli inabaki."

"Nitakuitia watu, mzee!"

"Waite. Waje na mabamba yao."

Akalitundika pamoja na mengine.

Nikajikokota hadi nje. Pale getini dada mmoja alikuwa anakaanga mihogo. Alilitazama goti langu, si uso. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunjwa kiwikoni, kama breketi.

"Ulifuta kwa mate, braza?"

"Ndiyo..."

"Mie nilileta karai. Nikalipangusa hivyohivyo."

Akageuza mihogo yake.

Hospitali walipiga picha. Mfupa ni mzima, wakasema. Nilishamsimulia Eufrazia yote, naye hakutaka kusikia ya hospitali. Akakusanya vijana wa karakana: kesho wanakwenda Chanika kulichukua bamba kwa nguvu. Nilimwona anachagua rungu kama anachagua nyanya.

Usiku huohuo simu ikaita. Nikapokea.

Ting... ting...

"Fundi." Mnong'ono uleule. "Nasikia watu wako wanakuja. Ya nini wasumbuke? Nimeshalishusha bamba lako. Nalinyoosha mwenyewe."

"Usilinyooshe! Liache hivyohivyo!"

Nyundo ikagusa chuma. Taratibu... kama mtu anayepima pa kupiga. Nikahisi baridi ndani ya goti.

"Mzee," nikasema, na sauti yangu haikufika hata kiti cha mbele. "Mzee... shikamoo."

Nyundo ikatulia.

"Marahaba," akaitikia kwa upole.

Kisha nikasikia pumzi ya mtu anayenyanyua kitu kizito.

Simu ikakatika.

Eufrazia bado yuko nje na vijana, anapanga safari. Mie nimelishika goti kwa mikono miwili.

Nasubiri.