Maiti Haijatimia

Arobaini ya Mansuri haijafika, mkebe wa dawa za dada yake ukaanza kunuka udongo mbichi.

Shadya aliuosha, akauanika juani, uani kwao Mwembesongo. Wapi! Harufu ya udongo uliochimbuliwa leo. Alijua ilikotoka, hakutaka kusema. Figo iliyomweka hai ilikuwa ya kaka yake. Mansuri alimpa kwa hiari, tena akicheka: "Mbili za nini? Mimi si duka." Miaka ikapita, kisha lori la nyanya likamuua huko Dumila. Siku ya maziko, Halidi, mtani wa ukoo wao, alilizuia jeneza mlangoni.

"Maiti haijatimia! Fungu lingine lile pale, limejifunga kanga linalia. Lileteni tuzike mara moja!"

Watu wakacheka, hata wafiwa. Ndiyo kazi ya mtani. Akapewa jogoo, akapisha njia. Lakini utani nao una mpaka. Halidi alikuwa ameliita fungu mbele ya maiti, na si binadamu peke yao waliomsikia.

Baada ya harufu ikaja sauti. Adhuhuri, nyumba kimya, chini ya tumbo upande wa kulia, pale ilipopandikizwa figo, kitu kikagonga kwa ndani kama mtu aliyefungiwa.

"Shadya." Sauti ya Mansuri hasa. "Mdogo wangu, hivi vidonge vinanibana."

"Kaka?"

"Vinanikaba humu. Acha kidogo tu, nivute pumzi."

Daktari alishamwambia bila kuzunguka: mwili haumtaki mgeni, vidonge ndivyo vinavyouzuia usimfukuze; ukiviacha, umeiua figo. Shadya alilijua hilo vizuri. Lakini nani atasikia ndugu aliyempa uhai akikoroma tumboni mwake kila akimeza dawa, akiomba pumzi kwa sauti ile ile aliyoombea maji utotoni, mchana wote, hata maji ya kunywa yakawa na ladha ya kaburi, halafu aendelee kumeza?

Akaacha.

Mama yake, Mwanvita, alikuja kugundua miguu ya mwanawe imevimba na mkebe umejaa; Shadya akamsimulia ile sauti. Akapanda mlima hadi Kinole kumfuata Halidi, maana afungaye kwa utani ndiye wa kufungua.

Siku zote Halidi akimwona humsalimu, "We kizee, bado hujafa tu?" Safari hii aliinama.

"Shikamoo, mama."

Hapo ndipo Mwanvita alipoogopa kweli.

Halidi akakoroga unga wa mtama kwa maji ya mto, akampaka Shadya tumboni. "Ulikuwa utani," akanong'ona. "Nafuta kauli. Fungu ni la Shadya, alipewa na mwenyewe. Mansuri, lala."

Kinywa cha Shadya kikafunguka. "Mansuri alishakwenda zake, mjinga wewe. Uliita, mimi nikaitika."

Halidi akalia, akapaka tena, akataja wazee wa ukoo mmoja mmoja huku Shadya akijinyonganyonga mkekani na harufu ya udongo ikijaa chumba kizima mpaka wakakohoa wote, na ile sauti ikipanda kutoka tumboni hadi kifuani, kifuani hadi kooni, ikicheka kwa kicheko cha marehemu, mpaka ikatoka, na mlango ukajibamiza wenyewe.

Kimya. Harufu hakuna.

Ila mkojo nao ulikauka. Hospitali wakasema figo imekufa; Shadya arudi kwenye mashine ya kusafisha damu, mpaka apatikane ndugu mwingine wa kutoa.

"Nipo mimi," Mwanvita akasema pembeni ya kitanda. "Kesho nipimwe."

Shadya akamshika mkono, machozi yakimtoka. Mara, kiunoni mwa mama yake, ndani ya kanga, sauti ya Mansuri ikaomba taratibu:

"Mama, mimi nimeshahamia huku. Usinitoe."

Walisikia wote wawili. Mwanvita akauchomoa mkono wake, kidole kimoja kimoja.

"Tutaona, mwanangu," akasema.