Saa Tatu ya Ambon

Simu ilimkuta Daeng Situju na mnofu wa supu ya coto mdomoni.

"Uko wapi?" Alikuwa Sarce Lokollo, mwenzake ambaye Situju humwita Usi, yaani dada, akinong'ona.

"Usi! Niko kibandani, mbele ya geti la uwanja wa ndege. Nimewahi, bado saa nzima."

"Saa nzima ya nini? Tumeshatua!"

Situju alicheka. "Acha utani. Mmeruka Ambon saa tatu. Kutoka kwenu mpaka hapa Makassar ni kilomita mia tisa na hamsini, mwendo wa karibu saa mbili. Mtatua saa tano."

"Saa tatu ya Ambon, Daeng! Sisi tuko mbele yenu saa moja. Hapa ilikuwa saa mbili!"

Simu ikakatika.

Bakuli lilipinduka. Pikipiki yake, Kawasaki, iliunguruma.

Masikio ya Situju yaliwaka moto. Jasusi mzima, mzaliwa wa Makassar, tena ana mashemeji Ambon! Hili lilikuwa kosa la mgeni aliyeshuka jana.

Ndani ya ndege ile alikuwemo Dressen, mtu waliyekuwa wakimsaka. Begini mwake mlikuwa na kifaa cha kusikilizia nyambizi, kilichoibwa kwenye meli ya doria. Kama kingevuka mpaka, mabaharia wa nchi yao walio kwenye nyambizi wangekuwa shabaha tu. Kazi ya Sarce ilikuwa kumfuata Dressen. Kazi ya Situju ilikuwa kusimama kwenye mlango wa kutokea abiria, amkamate.

Alipofika, mlangoni hapakuwa na mtu.

"Usi! Nijibu!" aliita redioni.

"Maegesho." Sauti ya Sarce ilikuwa nyonge. "Innova nyeusi. Nilijaribu kumzuia, kachomoa kisu garini, kanichoma. Ulikuwa wapi wewe?"

Aligeuza pikipiki kuelekea maegesho.

Innova ilikuwa inatoka. Situju alikatiza mbele yake, akaruka. Pikipiki ilijibamiza kwenye bampa, gari likasimama. Dressen alichomoka na kisu, begi kifuani.

Bastola ya Situju, Pindad, ililia mara moja.

Goti la Dressen lilikunjika. Pingu zikafuata.

"Nilipoona hakuna mtu mlangoni," Dressen alisema huku akisaga meno, "nilidhani mmelala."

Situju hakumtazama. Alikimbilia kwa Sarce, aliyekuwa ameegemea nguzo, shati limelowa damu. Alivua jaketi, akalikandamiza kwenye jeraha.

"Usi, nilihesabu vibaya..."

"Unanuka coto."

Aliinamisha kichwa.

"Ilikuwa tamu?"

Alitamani ardhi immeze.

Gari la wagonjwa lilifika, na redio ikakoroma. Alikuwa Pallawa, mkuu wao.

"Situju! Nimeambiwa mmempata. Lakini Usi kaumiaje? Wewe hukuwepo mlangoni?"

Situju aliinua redio mdomoni.

Sarce, akiwa machelani, alimpokonya redio. "Alikuwepo, Bosi. Dressen alipitia mlango mwingine. Bila Daeng ningekuwa maiti."

"Kazi safi, Daeng! Mwanamume ni wewe."

Sarce alimrudishia redio. Hakutabasamu.

"Jibu, basi," alisema. "Bosi anakusubiri."

Situju alibonyeza kitufe. "Ahsante, Bosi."

Wauguzi wakamwondoa Sarce. Abiria waliokusanyika wakaanza kupiga makofi. Situju alivaa miwani yake ya jua, Ray-Ban, ingawa mawingu yalikuwa yametanda, akapita katikati yao taratibu, mikono mfukoni, bila kumtazama yeyote machoni.