Mkono Juu ya Kichwa cha Seleyian

Tega sikio, mjukuu, nikupe cha kufikiria: watu mia wanakijua, mmoja hakijui, na huyo mmoja ndiye anayekufa. Ni nini? Usijisumbue. Ni kosa la mpenzi kwenye mchezo wa jukwaani. Walimu wanaliita kinaya.

Gichuru, fundi wa mbao hapa Kitengela, hakulijua neno hilo mpaka Seleyian alipoingia karakana yake, sketi ya kijani, shanga shingoni, vumbi la malori mpaka kwenye kope.

"Fundi, nataka roshani."

"Ya ghorofa ngapi?"

"Ya mchezo. Wanafunzi wangu wanaigiza wapenzi wa familia mbili zinazochukiana."

"Halafu wanaoana?"

"Wanakufa. Msichana amelala tu, lakini barua ya kusema hivyo inachelewa. Mvulana anadhani amekufa, anakunywa sumu."

"Si angepiga simu kwanza."

Seleyian alicheka mpaka akashika meza.

Miezi minne simu zao hazikupoa. Alhamisi moja Gichuru akauliza, "Mwalimu wangu, utakubali nikuoe?"

"Wacha nifike nyumbani Kajiado kwanza, babe. Nitakujibu Jumapili."

Jumamosi Gichuru akapeleka milango Kajiado. Karibu na soko akamwona Seleyian, shuka nyekundu mabegani, ameinamisha kichwa mbele ya mwanaume wa suti aliyemzidi Gichuru miaka minane hivi. Mwanaume akaweka mkono juu ya kichwa chake, akatabasamu. Seleyian huyo, ambaye hajawahi kumwinamia hata mwalimu mkuu. Mmaasai yeyote pale sokoni angemweleza kwa neno moja. Gichuru hakuuliza. Aligeuza pikapu, akazima simu.

Jumatatu asubuhi alikuwa anapakia misumeno yake kwenda kwa binamu Naivasha, asirudi tena. Seleyian akatokea mlangoni, macho mekundu.

"Nimepiga simu mara thelathini. Unahama bila kuniambia?"

"Nilikuona Kajiado na bwana yako."

"Bwana gani?"

"Wa suti. Alikushika kichwa."

Seleyian akakalia rundo la mbao. "Huyo alitahiriwa katika rika la baba, Gichuru, japo ni mdogo kwake kwa miaka mingi. Kwetu huyo ni baba yangu. Namwinamishia kichwa, ananigusa, hiyo ndiyo salamu. Akinitongoza, wazee watamtoza ng'ombe. Mbona hukuuliza?"

"Niliogopa utanijibu."

"Nilimwendea aniombee kwa baba. Tangu watu wenu waweke waya kwa njia ya ng'ombe wetu, baba hataki kusikia jina la Mkikuyu."

"Amesemaje?"

"Hapana. Mara mbili. Mara ya tatu akauliza kama unakunywa maziwa ya kibuyu, yale yaliyochacha."

"Nitajifunza."

"Utatapika."

"Nitatapika nikijifunza." Hakucheka. "Lakini mimi sikumuuliza baba yako, Seleyian. Nilikuuliza wewe."

Seleyian akanyanyuka, akatoa msumeno mmoja kwenye pikapu, akautundika ukutani.

"Nakubali," akasema.