Pipa la Moto Si la Udhu

Bishara alifungua kifuniko cha pipa. Akachungulia, akakifunga. Alirudi hotelini kwake, akapuliza jiko, akawamiminia wateja wa asubuhi chai ya maziwa ya ngamia. Kisha akaja kuchungulia tena, kana kwamba pipa lingeona haya na kujijaza lenyewe.

Pipa lilikuwa tupu. Jana jioni lilikuwa limejaa mpaka mdomoni.

"Nani amechota maji ya kuzimia moto?" alipiga kelele.

Ghafla soko zima la Balambala likawa na kazi. Huyu anakunja nguo, yule anapanga viazi.

"Mimi nilichukua birika moja tu," alisema Jelle. "La udhu, wallahi."

"Jelle! Wewe unauza maji! Mkokoteni wako umejaa mitungi!"

"Hiyo ni ya wateja, abaayo, dada yangu. Haya ni ya watu wote."

"Hata mimi birika moja," alisema Ramla, ambaye kibanda chake cha nguo kilipakana na hoteli ya Bishara. "Sasa utamkataza mtu kutawadha? Mbele ya Mungu utasema nini?"

Hapo ndipo Bishara aliposhindwa kila siku. Mkataze mtu kuchota maji ya kupikia, atakuelewa. Mkataze kuchota ya udhu, wewe ndiye unakuwa mbaya. Na pipa lilikuwa karibu na msikiti. Birika moja, birika moja, na pipa likaisha.

Wageni walimwona Bishara mgomvi. Hawakujua mambo ya nyuma. Miaka iliyopita soko hilo liliwahi kuungua lote mchana kweupe. Gari la zimamoto liliitwa kutoka mbali. Lilipofika, watu walikuwa wanaokota misumari kwenye majivu. Basi Bishara na wanawake wenzake waliounguliwa wakakaa chini wakasema, gari liko mbali, sisi tuko hapa. Wakaweka pipa la maji, ndoo za mchanga, kamba na firimbi. Waume zao wakacheka, halafu wakajiunga. Hakuna aliyelipwa. Mto Tana ukifurika, wao ndio waliobeba wazee. Ngamia akitumbukia kisimani, wao ndio walioitwa. Hata mtoto akipotea, firimbi ya Bishara ilipigwa.

"Lakini ndoo moja ya maji, hakuna wa kunijazia!" alimlalamikia mumewe, Abshir. "Nimechoka. Watafute mwingine."

"Jana pia ulisema hivyo," alijibu Abshir, akinywa chai yake.

Siku hiyohiyo, Ramla alitundika nguo mpya za harusi juu ya chetezo. Ndivyo alivyouza. Nguo ifukizwe unsi kwanza, mteja aingie na harufu nzuri imkamate. Adhana ya alasiri ikalia. Ramla akaenda kusali, akaacha makaa yanawaka chini ya nguo.

Bishara alikuwa anapanga vikombe. Alivuta pumzi mara moja tu. Ile haikuwa harufu ya unsi. Ilikuwa nailoni.

Akapiga firimbi. Wenzake wakatoka mbio. Mmoja alizamisha ndoo kwenye pipa, nayo ikagonga chini: ko!

"Mchanga!" Bishara alipaza sauti. "Leteni mchanga!"

Wakamwaga mchanga, lakini moto ulikuwa umeshika paa la turubai. Vijana nao walifika. Walikuja na simu zao, wakajaa njiani kupiga picha.

"Pisheni njia! Hii si harusi!" Bishara alifoka. Akatazama upepo. Ulikuwa unasukuma moto kuelekea vibanda vingine. Bila maji, kulikuwa na njia moja tu. "Vunjeni kibanda kinachofuata! Moto ukose cha kula!"

Abshir alishika kamba, akasimama. "Bishara, kinachofuata ni chetu."

"Kwani sijui? Ndiyo riziki yetu yote! Vuta!"

Wakavuta. Nguzo zikaanguka, mabati yakaburutwa pembeni, makaa ya jiko la chai yakafukiwa. Moto ulifika kwenye uwazi ule, ukatafuta pa kushika, ukakosa. Ukafa.

Kibanda cha Ramla kilikuwa majivu. Hoteli ya Bishara ilikuwa rundo la mabati na masufuria yaliyobonyea. Vibanda vingine vyote vilisimama.

"Alhamdulillahi," alisema Jelle. "Tumepata bahati."

"Bahati?" Bishara alimgeukia. "Hiyo bahati unaiona wapi, Jelle? Nionyeshe, labda naikanyaga! Maji yangekuwepo, moto ungeishia kwenye nguo moja! Ningekuwa na hoteli!"

Ramla alikuwa analia. "Ni chetezo changu, dada. Niliondoka kidogo tu."

"Chetezo ni jiko, Ramla. Kina makaa. Ukitoka, fukia makaa kwa mchanga. Na nguo usitundike juu yake ukaziacha."

Jelle, kwa aibu, alisukuma mkokoteni wake na kujaza pipa. Bishara alimwangalia. Alijua kesho lingekuwa tupu tena. Akainama kwenye rundo lake, akaokota paketi ya sabuni ya unga, akairarua kwa meno na kuimwaga yote ndani ya pipa. Akakoroga kwa kijiti mpaka povu likapanda.

"Haya! Tawadheni sasa!"

Macho yakamwendea imamu, Sheikh Shuaib. Sheikh alisogea, akalitazama povu, akajizuia kucheka.

"Maji yakigeuzwa na sabuni namna hii, hayafai kwa udhu," alisema.

"Na kwa moto?" Ramla aliuliza, huku akifuta machozi.

"Moto hauna madhehebu."

Soko likaangua kicheko. Sheikh akaendelea, "Lakini kosa ni letu pia. Msikiti hauna pipa, tukawa tunamwibia Bishara. Jelle, kesho tunaweka la udhu, na utalijaza wewe."

Vibanda vyote viwili vilijengwa upya kwa mikono ya wale wale waliochota birika mojamoja. Katikati waliacha njia ya kupitisha ndoo. Ramla alijiunga na kikundi.

Mwezi haukuisha. Mafuta ya sambusa yalishika moto kwenye kibanda cha kona. Mwenye sambusa akanyakua jagi la maji.

"Si maji!" Ramla alimdaka mkono. "Mafuta hayazimwi kwa maji, yatakurukia usoni! Funika sufuria!"

Wakafunika. Turubai lililoanza kuungua likamwagiwa maji ya pipa, ndoo baada ya ndoo, na safari hii hakuna ndoo iliyogonga chini. Moto ulizimika kabla mwenye sambusa hajamaliza kupiga mayowe. Jioni ile Bishara aliuza chai kama kawaida, na alitabasamu kidogo, pale alipodhani hakuna anayemwona.

Kesho yake asubuhi alikwenda kuchungulia pipa. Akamkuta Jelle ameinama, mikono mpaka kwenye viwiko ndani ya povu, anafua kikoi.

"Jelle!"

"Kikoi kimoja tu, abaayo," alisema Jelle. "Sabuni si ipo tayari?"